‘Bidhaa ikishauzwa hairudishwi’, na kipimajoto kilichosema mtoto hana homa

Maneno hayo yapo karibu kila mahali. Yamebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, yamepigwa muhuri wa wino mwekundu kwenye risiti za kuandikwa kwa mkono, na siku hizi yanawekwa hadi chini ya picha za nguo za watoto zinazouzwa kwa simu. Wenye msisitizo huongeza, “wala haibadilishwi”. Wengine huandika kwa herufi kubwa tupu, utadhani kuna mteja mmoja aliyewahi kuwaonea.

Wazazi hukutana nayo kuliko watu wengine, kwa sababu mzazi hununua vitu ambavyo hatavivaa wala kuvitumia yeye. Kiatu cha shule kinanunuliwa mtoto akiwa darasani, kwa kipimo cha kamba iliyokatwa asubuhi. Sare inanunuliwa Januari kwenye msongamano wa Kariakoo, mdogo mtu akijaribishwa kwa niaba ya kaka yake. Chupa ya maziwa iliyosemwa haivuji inaanza kuvuja saa nane za usiku. Mzazi akirudi dukani anaonyeshwa kibao, naye anaondoka akiamini amesomewa sheria.

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alionyeshwa kibao hicho kwa sababu ya kipimajoto cha kidijitali alichokinunua Sh15,000. Kile cha zamani, cha kioo chenye zebaki, kilikuwa kimevunjika, na vya aina hiyo havipatikani tena kirahisi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuvisafirisha kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa kuwa zebaki ni sumu. Ni uamuzi mzuri kwa afya, ila umeziacha familia nyingi zikitegemea vipimajoto vya betri vya kila aina na kila bei.

Usiku wa tatu tangu kinunuliwe, mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi minane alilala mapema bila kula. Bibi wa mtoto, mama mzaa baba, alimgusa shingoni kwa nyuma ya kiganja.

“Huyu mtoto anachemka,” alisema.

Mama akaleta kipimajoto. Kikasoma 36.4. Akahamishia kwapa la pili, kikasoma 36.3.

“Mama, joto lake ni la kawaida. Labda ni hili shuka zito.”

Bibi akanyamaza. Katika nyumba ile alikuwa ameshaambiwa zaidi ya mara moja kwamba kupima kwa mkono ni mambo ya zamani, na namba yenye nukta katikati ina heshima ambayo kiganja cha mzee hakina. Wote wakalala.

Saa kumi alfajiri mtoto alikakamaa, macho yakageuka juu, mikono ikaanza kurusharusha. Degedege. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Muuguzi wa mapokezi alipompima, kipimajoto chake kilisoma 39.6. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha anayo. Alilazwa, akaanzishiwa sindano, na siku ya tatu alikuwa anaomba uji.

Daktari hakusema kwamba kipimajoto ndicho kilicholeta degedege. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, na linaweza kutokea hata kwa mtoto aliyepewa dawa ya kushusha joto. Kilichomhangaisha daktari ni saa nane zilizopotea. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, joto la kwapani la 37.5 au zaidi linahesabiwa kuwa homa, na homa katika nchi yenye malaria maana yake ni kwenda kupima, mapema iwezekanavyo. Familia hii ingeondoka nyumbani saa mbili usiku. Haikuondoka kwa sababu kifaa walichokilipia kiliwaambia hakuna haja.

Siku mbili baada ya kuruhusiwa, mama alikirudisha kipimajoto dukani, kikiwa ndani ya kasha lake. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu zake.

“Dada, ulibadilisha betri?”

“Sijaigusa.”

“Basi labda hukukibana vizuri. Wateja wengi hawajui kupima.”

“Kaka, mtoto alikuwa na 39 na zaidi. Hiki kilisema 36.”

“Pole sana dada. Risiti unayo?”

Alikuwa nayo, ya mashine ya EFD kabisa. Kijana akaisoma, kisha akamrudishia huku kidole kikiwa chini kabisa ya karatasi, pale palipoandikwa maneno yale. Mazungumzo yakaishia hapo. Nyumbani, mumewe alipiga hesabu ambayo wazazi wengi huipiga: nauli ya kwenda na kurudi, nusu siku ya kazi, na kelele, yote kwa Sh15,000. “Achana nayo,” alisema. Hesabu hiyo huijua pia mwenye duka. Kibao kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye vitu vya bei ndogo, kwa sababu hakuna anayeona faida ya kubishana nacho.

Ukweli ni kwamba kibao kile kina nusu ya haki. Mtu akinunua gauni jekundu, akafika nyumbani akatamani la bluu, hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha muuzaji wa dukani kulipokea. Kiatu kizima kilichomkataa mtoto kwa sababu mama alikosea namba kipo kundi hilo hilo. Muuzaji akikubali kubadilisha, amefanya wema au biashara nzuri, na anaweza kuweka masharti yake: ndani ya siku tatu, kisivaliwe, lebo isikatwe. Hapo kibao kinasema kweli, na mzazi asiyekipenda anachoweza kufanya ni kuuliza kabla ya kulipa: “Kisipomtosha, nibadilishiwe?” Ni vizuri jibu liandikwe nyuma ya risiti, maana kijana aliyejibu leo anaweza asiwe zamu kesho.

Bidhaa mbovu ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inachukulia kwamba mtu anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo ameahidiwa kitu chenye ubora wa kuuzika, hata kama hakuna aliyetamka ahadi hiyo. Akiwa amemweleza muuzaji anachokitakia, na akategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kipimajoto hakina kazi ya pili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaongeza nguvu: masharti ya namna hiyo yamo ndani ya mkataba wa mlaji, na muuzaji hawezi kuyafuta kwa maandishi yake mwenyewe. Wino mwekundu hauna nguvu hiyo, hata herufi zikiwa kubwa kiasi gani.

Zanzibar ina sheria yake ya ushindani na kumlinda mlaji. Kenya wamelipeleka jambo hili hadi kwenye Katiba ya 2010, ambako Ibara ya 46 inataja haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia pale zinapoleta hasara. Anayefanya ununuzi Namanga upande huu na upande ule basi ana sheria mbili za kumtetea, ingawa vibao vya pande zote mbili vinafanana.

Yapo mambo mawili ambayo sheria inamdai mnunuzi. La kwanza ni muda. Anayekaa na kitu kibovu miezi minne akikitumia, kisha akakirudisha, anaweza kuhesabiwa kuwa alishakikubali. Hakuna idadi ya siku iliyoandikwa. Kinachopimwa ni muda wa kutosha kukijaribu kitu cha aina ile. La pili ni ukaguzi. Mnunuzi akikikagua kitu dukani, hawezi kulalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana maduka mengi ya vifaa vya umeme Kariakoo yana soketi ya kujaribia juu ya kaunta, na muuzaji anasisitiza pasi iwashwe na blenda izungushwe mbele ya mteja. “Jaribu hapa hapa, ukitoka mlangoni ni yako.” Amesema kweli kwa ufa unaoonekana na kwa taa isiyowaka. Kwa kasoro iliyojificha ndani, mlango haubadilishi kitu. Kipimajoto cha mama wa Tabata kiliwashwa dukani, kikawaka, kikalia kama kinavyopaswa. Hakuna mteja anayepimwa homa akiwa kaunta.

Wauzaji nao wana yao, na si ya kupuuzwa. Mwenye duka la rejareja amenunua kwa wa jumla, wa jumla ameleta kwa kontena, na kitu kikirudi mara nyingi hakirudi zaidi ya kwake. Kuna wateja wanaovaa gauni kwenye sendoff Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likinukia manukato. Kuna anayeleta simu ambayo betri yake imebadilishwa kwa nyingine iliyochoka. Ndiyo maana utaona vistika vidogo vyenye tarehe kwenye redio na chaja, na onyo kwamba kikibanduliwa basi waranti imekwisha. Muuzaji aliyeumwa mara tatu huweka kibao kinachowafungia mlango wote, waongo na wakweli. Inaeleweka. Lakini uwongo wa mteja wa jana hauwezi kulipwa na mzazi wa leo.

Mama yule alirudi tena, na safari hii alijiandaa. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwelekeza namna ya kupima ili asiambiwe hajui: ncha iingie ndani kabisa ya kwapa kavu, mkono ubanwe kifuani, mtu asiwe ametoka kuoga, na kifaa kisitolewe mpaka kilie. Aliazima kipimajoto cha jirani, akajipima kwa vyote viwili asubuhi na jioni kwa siku mbili, akirekodi video kwa simu. Cha jirani kilisoma kati ya 36.7 na 36.9. Chake hakikuvuka 35.3 hata mara moja.

Safari hii mwenye duka mwenyewe alikuwepo, mzee wa makamo.

“Shikamoo.”

“Marahaba mama, karibu.”

Alieleza bila kupaza sauti. Alisema hajabadili mawazo wala hajachoka kukitumia. Kitu kimeshindwa kazi yake, na hiyo si habari ya kibao. Akaonyesha video. Mzee alizitazama hadi mwisho, kisha akafanya jambo la kiungwana ambalo linastahili kutajwa: alichukua vipimajoto vingine viwili kutoka kwenye boksi lile lile na kumpima kijana wake wa kaunta. Cha kwanza 36.8. Cha pili 35.1. Akachukua cha tatu, 35.4. Kijana aliyesema wateja hawajui kupima alibaki ameinua mkono, hana la kusema.

Mzee alifungua droo, akahesabu Sh15,000, akaomba radhi. Halafu akalisukuma boksi kurudi rafuni.

“Na hizo zilizobaki?” mama aliuliza.

“Hizo mama ni mambo yangu na mtu wa jumla.”

Hapo ndipo safari ile ilipokuwa na maana kuliko nauli yake. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipelekea Bunge la nchi yake ujumbe kuhusu haki za walaji, na siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa duniani kila mwaka. Alitaja haki nne: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Usalama aliuweka mwanzo. Kurudishiwa pesa kunammalizia jambo mteja mmoja, na muuzaji mwerevu anaweza kuwarudishia watano wenye kelele akawauzia hamsini waliobaki. Kwa soksi zinazochanika, hasara yake ni soksi. Kwa kifaa kinachomwambia mzazi usiku kwamba mtoto hana homa, pesa ndiyo sehemu ndogo.

Mama hakuondoka. Alisimama kando, akapisha wateja, akangoja. Mwishowe mzee aliliteremsha boksi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito “USIUZE”, na kulisukuma chini ya kaunta. Lilikwenda wapi baada ya hapo, ni yeye na mtu wake wa jumla wanaojua. Lakini mama alikuwa ameshapiga picha ya kasha lake: jina la bidhaa, nchi ilikotengenezwa na namba ya toleo la kiwandani. Picha hiyo, pamoja na risiti na video, ndiyo aliyoipeleka kwenye Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Jirani alicheka kwamba amefanya kazi ya mpelelezi kwa ajili ya kijiti cha plastiki.

Mzazi anayetaka kufuata njia hiyo anahitaji kujua mlango upi ni wa nani, maana wengi huzungushwa hadi wakakata tamaa. Dawa na vifaa tiba, kuanzia kipimajoto hadi mashine ya kupima sukari, ni vya TMDA. Chakula na vipodozi, ikiwemo maziwa ya kopo na mafuta ya mtoto, vilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, wakati iliyokuwa TFDA ilipobadilishwa kuwa TMDA. Muuzaji anayekataa kuwajibika kwa bidhaa mbovu, au anayeuza bidhaa bandia yenye nembo ya mwenzake, anashtakiwa kwa Tume ya Ushindani, FCC.

Popote atakapokwenda ataulizwa ushahidi, na hapa wazazi wengi huangukia pua kwa jambo dogo. Risiti ya EFD ina jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi, tarehe na saa, lakini imechapwa kwenye karatasi ya joto. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari au kwenye pochi karibu na mwili, maandishi hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Ipigwe picha siku ile ile. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe, kwa kuwa nao unaonyesha nani alilipwa, kiasi gani na lini. Kadi ya waranti ipigwe muhuri na kuandikwa tarehe kabla ya kutoka dukani. Kadi tupu ni pambo la kasha. Na kwa wanaonunua mtandaoni, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa jina na anuani. Ukurasa wenye picha mia tatu za viatu vya watoto na namba moja tu ya simu haujafanya hivyo.

Kuna sehemu moja ambayo kibao kinastahili kuungwa mkono, na wazazi huigombania bila sababu: duka la dawa. Mtoto ametema dawa ya maji, amepata nafuu kabla chupa ya pili haijafunguliwa, au daktari amebadilisha dozi, na mama anarudi akitaka chenji yake. Mfamasia anakataa, naye anaonekana ana roho mbaya. Lakini dawa iliyotoka nje ya duka haijulikani tena ilikaa wapi. Insulini inatakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi kati ya 2 na 8 kabla ya kuanza kutumika. Ikishinda juu ya friji badala ya ndani, inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Chupa iliyofungwa vizuri inaweza kuwa imeachwa saa sita ndani ya gari lililoegeshwa juani Mlimani. Mfamasia anayeipokea na kuirudisha rafuni anamuuzia mtoto wa mtu mwingine kitu asichoweza kukithibitisha. Chuchu za chupa na nguo za ndani zilizokwisha tumika nazo zina sababu kama hiyo.

Akikosea yeye ni tofauti. Akitoa dawa isiyo ile iliyoandikwa, yenye nguvu isiyo ile, au iliyokwisha muda wake, hawezi kujikinga kwa kusema dawa hairudishwi. Dawa hiyo irudishwe siku hiyo hiyo ikiwa na karatasi ya daktari, na kama mtoto ameshainywa, apelekwe kwanza kituo cha afya pamoja na chupa yake. Kwa sababu hiyo jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi husomwa pale pale dirishani, mfamasia akiwa bado ameshika kalamu, hata kama foleni ya nyuma inaguna.